Walimcheka Juu ya Filta Zake, Kisha Reakta Ikashika Moto: Risto ya John Cockcroft

Kila msee ashawahi kufuatilia mjengo anamjua huyu fundi. Ukuta umeshapanda, doh imeanza kuisha, halafu anakuja kukuambia lazima kuna kitu kiongezwe chenye hakikuwa kwa ploti. Unamcheki vibaya. Kwa roho unasema huyu anatafuta ganji ya wikendi. Unalipa ukinung'unika, na siku upepo unapita mtaani ukipeperusha mabati za majirani, zako ziko tu.

Sasa toa mabati, weka reakta ya nyuklia. Toa fundi, weka mwanasayansi mpole mwenye hakuwa wa maneno mengi. Huyo ni Sir John Cockcroft. Siku hizi story ya nyuklia ikiingia Kenya, kama vile ilivyozua noma kule Uyombo, Kilifi, watu wanabonga sana kuhusu mabomu na stima. Wachache wanauliza kitu simple: hewa yenye imepoesha hiyo mashine inaenda wapi? Cockcroft aliuliza. Na akauliza wakati kila mtu alikuwa na haraka.

Jamaa alizaliwa tarehe 27 Mei 1897 huko Todmorden, kaskazini ya Uingereza, kifungua mimba kwa ndugu watano, wote maboyz. Familia yao ilikuwa na kiwanda cha pamba. Alianza kusoma hesabu Manchester mwaka wa 1914, vita ya kwanza ya dunia ikamtoa darasani, akajipata Ufaransa akiwa upande wa mizinga, kazi yake kupeleka mawasiliano. Alirudi mzima. Badala ya kurudi kwa hesabu akaenda kusomea uhandisi wa umeme, akafanya kazi kwa kampuni ya Metropolitan-Vickers, halafu tena akaenda Cambridge kusoma hesabu, halafu akaingia maabara ya Cavendish chini ya Ernest Rutherford. Mimi nilihepa campus kabla nimalize, so hii list ya masomo inanichosha hata kuandika. Lakini shika hiyo kitu moja: huyu alikuwa msee wa hesabu na pia msee wa spana. Hao ni wachache.

Hapo Cavendish, yeye na Ernest Walton, mse wa Ireland, walijenga mashine ya kurusha protoni kwa nguvu ya umeme wa mamia ya maelfu ya volti. Usifikirie ni kitu ya kung'ara. Mirija ya kioo ilikuwa ile ya pampu za petroli, na penye hewa ilikuwa inapenya walikuwa wanaziba na plastisini, ile ya watoi wa nasari. Jua kali kabisa. Tarehe 14 Aprili 1932 hiyo mashine ikagonga atomu za lithiamu, zikapasuka zikawa heliamu. Ilikuwa mara ya kwanza binadamu kupasua kiini cha atomu akitumia mashine yake mwenyewe. Tuzo ya Nobel ilikuja 1951, miaka 19 baadaye.

Kwa miaka hiyo hiyo chuo chake cha St John's kilimpa kazi ya kusimamia majengo ya zamani, pamoja na lango kuu lenye lilikuwa linaliwa na wadudu wa mbao. Akashughulika nayo vile vile alivyoshughulika na atomu. Wenye walifanya kazi na yeye walimkumbuka na kijitabu cheusi mfukoni, maandishi madogo ajabu, na majibu mafupi. Ukimletea shida yako hakuwa anakupa hotuba. Anaandika, anaenda, kitu inafanyika.

Kuna kitu kingine, na hii si ya kuchekesha. Alioa Elizabeth Crabtree mwaka wa 1925. Mtoto wao wa kwanza, Timothy, alifariki 1929 akiwa bado mdogo sana. Walipata watoto wengine baadaye, wasichana wanne na kijana mmoja.

Vita ya pili ikaja. Mwaka wa 1940 Cockcroft alikuwa kwa ile timu ya Tizard yenye ilivuka bahari na siri kubwa za Uingereza, rada zikiwemo, kuzipelekea Marekani. Mwaka wa 1944 akatumwa Kanada kuongoza mradi wa nyuklia, na Septemba 1945 reakta yao ndogo, ZEEP, ikawaka. Ilikuwa ya kwanza nje ya Marekani. 1946 akaitwa nyumbani aongoze kituo kipya cha utafiti Harwell, uwanja wa zamani wa ndege za kijeshi.

Halafu kuna hii side ya movie. Mwanasayansi mmoja wa timu yake ya Kanada, Alan Nunn May, alishikwa 1946 kwa kupea Wasovieti siri. Klaus Fuchs, mkubwa wa fizikia ya nadharia pale Harwell, akashikwa 1950 kwa makosa hayo hayo. Mwaka huo huo Bruno Pontecorvo, pia wa Harwell, alienda likizo na familia akapotelea Muungano wa Sovieti. Watatu, wote chini ya mdosi mmoja. Enyewe kwa kusoma atomu alikuwa moto, kwa kusoma watu sijui.

Turudi kwa filta. Baada ya vita Marekani ilifunga mlango wa siri za nyuklia, hata kwa beshte yake Uingereza. London ikaamua itajitengenezea bomu, na bomu ilitaka plutoniamu. Zikajengwa reakta mbili mahali paitwapo Windscale, pwani ya kaskazini magharibi, karibu na mashamba ya ng'ombe wa maziwa. Kila reakta ilikuwa rundo la tani 2,000 hivi za grafaiti, imetobolewa mashimo 3,440 ya kulala. Ndani ya mashimo unasukuma mikebe ya alumini yenye yurani. Mkebe ukishaiva unasukumwa kutoka mbele, unaangukia nyuma kwa mfereji wa maji, unapelekwa kwa bwawa upoe kabla ya kutolewa plutoniamu.

Mashine kama hiyo lazima ipoeshwe. Wamarekani kule Hanford walikuwa wanatumia maji ya mto Columbia. Shida ni kwamba kwa reakta ya aina hiyo maji yakikatika, moto wa nyuklia unapanda badala ya kushuka, na Uingereza ni nchi ndogo, hakuna jangwa la kukimbilia. So wakachagua hewa. Mafeni makubwa yanavuta hewa ya nje, yanaipuliza katikati ya mashimo, inabeba joto, inatoka kwa bomba la moshi la urefu wa mita 120 hivi. Moja kwa moja hadi angani. Soma hiyo tena polepole. Hewa inapita kando ya yurani halafu inaachiliwa juu ya ng'ombe.

Ilimradi mikebe haijapasuka, iko sawa. Lakini mkebe ukipasuka, yurani yenye joto hivyo inakutana na hewa, inageuka vumbi, na vumbi inapanda na bomba. Kijana mmoja wa Harwell, mwanafizikia Terence Price, alikuwa ameuliza hilo swali na halikupewa uzito. Cockcroft akalibeba. Pia alikuwa amepata habari kutoka Oak Ridge, Marekani, kwamba chembe za yurani zilikuwa zimepatikana kuzunguka reakta yao ya kupoeshwa na hewa. Akasema bomba za Windscale lazima ziwekwe filta.

Ngori ni kwamba mjengo ulikuwa umeanza. Filta kawaida ungeweka chini, kabla hewa ipande, penye fundi anafikia bila shida. Lakini bomba la kwanza lilikuwa tayari linaenda juu. Nafasi yenye ilibaki ni kileleni. So ikabidi chuma, matofali na zege zipandishwe hadi kule juu, zijengwe chumba kizima cha filta kama kichwa kinono juu ya shingo nyembamba. Gharama ikapanda, ratiba ikaumia, na wahandisi wenye walikuwa wanapelekwa mbio na serikali hawakufurahia hata kidogo. Wakazibandika jina: Ujinga wa Cockcroft. Ukipita hapo unaona mabomba mawili na vichwa vyao, unajua ni ya nani, unacheka.

Reakta ya kwanza ilianza kazi Oktoba 1950, ya pili 1951. Bomu ya Uingereza ikalipuliwa Australia Oktoba 1952. Miaka ikaenda, filta ziko tu pale juu, na jina lao.

Sasa, grafaiti ikipigwa na nyutroni muda mrefu inaweka nguvu ndani yake, kama springi. Hiyo nguvu ikitoka ghafla unaumia, so kila baada ya muda mafundi walikuwa wanapasha reakta joto makusudi ili iachilie polepole. Ilikuwa maintenansi ya kawaida. Walianza hiyo kazi tarehe 7 Oktoba 1957. Siku iliyofuata waliona joto linashuka mapema, wakapasha tena. Vipimo vya joto havikuwa vimewekwa kwa ajili ya hiyo kazi, penye palikuwa moto zaidi hapakuonekana. Asubuhi ya tarehe 10, mita za juu kwa bomba zikaonyesha mionzi imepanda. Wakadhani ni mkebe umepasuka, wakaongeza feni ili wapoeshe. Kumbe ndani kuna moto, na wao wanaupepea kama jiko la makaa.

Tom Tuohy, naibu meneja, alikuwa nyumbani, familia ina mafua. Akaitwa. Wakafungua kizibo wakachungulia, mikebe inang'aa nyekundu. Wakajaribu kuisukuma itoke na fito za chuma, zile za kujengea jukwaa la mjengo, zingine zikirudi zinadondosha chuma kilichoyeyuka. Wakaleta kaboni dioksaidi, tani 25 hivi. Moto haukushtuka. Asubuhi ya tarehe 11 wakaamua maji, huku wakijua maji kwa chuma ya joto kama hiyo yanaweza kutoa gesi ya kulipua jengo lote. Maji pekee hayakutosha. Tuohy akaamuru feni zizimwe, hewa ikakatwa, akapanda juu kuangalia. Moto ukaanza kufa.

Cockcroft hakuwa hapo. Alikuwa ameshika tu ule uamuzi wa miaka karibu kumi nyuma, na huo ndio ulikuwa kazini usiku mzima kule juu ya bomba.

Tuwe wakweli, filta hazikuzuia kila kitu. Zilinasa vumbi kwa wingi, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yao. Iodini ya mionzi ni mambo mengine, nyingi ilipita ikaenda kutua kwa nyasi, ng'ombe wakala, ikaingia kwa maziwa, na iodini inapenda koo za watoto. Serikali ikapiga marufuku maziwa ya eneo la kilomita za mraba 500 hivi, yakamwagwa kwa mwezi hivi. Wataalamu baadaye walikadiria kesi za saratani karibu 240 kutokana na huo moto. Waziri Mkuu Macmillan alikalia ripoti kamili ya uchunguzi, na umma ukaja kuiona 1988. Weka hizo hesabu mezani, halafu toa filta kwa picha, na uwaze hayo mashamba yangekuwa nini. Wahandisi waliwaza. Lile jina la kuchekelea likaisha.

Usidhani jamaa alikuwa malaika wa kupatia kila siku. Miezi mitatu tu baadaye, Januari 1958, Harwell ilitangazia dunia mashine yake ya ZETA, na Cockcroft akawaambia wanahabari ana uhakika wa asilimia 90 kwamba wamepata muungano wa nyuklia, ule wa jua. Magazeti yakapagawa. Kufikia Mei ikabidi warudi kukubali kwamba haikuwa hivyo. Alichoma, hadharani.

Mwaka wa 1959 akachaguliwa mkuu wa kwanza wa Churchill College, Cambridge. Akafia huko tarehe 18 Septemba 1967, akiwa na miaka 70.

Kule Windscale, siku hizi Sellafield, reakta zote mbili hazikuwashwa tena. Ndani ya ile iliyoungua bado kuna tani 15 hivi za mafuta ya yurani, na mafundi wa kizazi cha wajukuu bado wanapanga venye wataitoa. Vichwa vya mabomba vimekuwa vikivunjwa kipande kwa kipande, polepole, juu filta za Cockcroft zilipata uchafu mwingi na hakuna mtu anataka kuuangusha.

Yeye amezikwa Cambridge, kwa kaburi moja na Timothy.