Maisha ya Friedrich Fröbel, Mwalimu wa Watoto Wadogo

Friedrich Fröbel alizaliwa tarehe 21 Aprili mwaka 1782 katika kijiji cha Oberweissbach, milimani mwa Thüringen, nchi ya Ujerumani. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kilutheri mwenye usharika mkubwa na kazi nyingi. Mtoto alikuwa hajatimiza mwaka mama yake alipofariki. Baba akaoa mke mwingine. Huyo kwanza alimpenda, lakini alipojaliwa mtoto wake mwenyewe moyo wake ulipoa, akawa akimsemesha Friedrich kama mgeni. Baba naye alimfundisha kusoma kwa shida, akamdhania kuwa mjinga. Basi akakua katika upweke, na faraja yake ilikuwa bustani ya nyumbani.

Alipopata miaka kumi, mjomba wake, mchungaji katika mji wa Stadtilm, alimchukua kwake. Huko aliaminiwa, akaenda shule, akacheza na wenziwe. Yule yule aliyehesabiwa kuwa mbaya na mzito akachangamka. Jambo hilo hakulisahau.

Alipokuwa mtu mzima alijaribu kazi nyingi, hata mwaka 1805 akashika ualimu mjini Frankfurt. Tangu mwaka 1808 mpaka 1810 alikaa Yverdon, Uswisi, akijifunza kwa mwalimu Pestalozzi. Mwaka 1817 aliweka shule yake Keilhau, na mwaka 1826 akatoa kitabu juu ya malezi. Humo alifundisha kwamba nyuma ya kosa la mtoto mara nyingi umefichika mwelekeo mwema uliosongwa au kupotoshwa; kazi ya mwalimu ni kuutafuta na kuuinua.

Mwaka 1837, akiwa na miaka 55, alianza kazi ya watoto wadogo katika mji wa Blankenburg, na mwaka 1840 akaiita Bustani ya Watoto. Hakuwakalisha kimya wakariri. Aliwapa mipira sita ya sufu, kila mmoja na rangi yake. Kisha miti iliyochongwa, mmoja mviringo kama mpira, mmoja wenye pande sita sawa, na mmoja kama gogo dogo. Kisha vipande vinane vya kujengea. Waliimba, wakacheza pamoja, wakalima. Kila mtoto alikuwa na tuta lake, na tena palikuwa na shamba la wote. Katika tuta lake alijifunza bidii. Katika shamba la wote alijifunza kuwafikiria wenziwe.

Lakini tarehe 7 Agosti mwaka 1851 serikali ya Prussia ilipiga marufuku bustani hizo, ikidai kwamba zinawafundisha watoto kumkana Mungu. Kumbe maandiko ya mpwa wake, Karl Fröbel, yalikuwa yamechanganywa na yake. Mzee akajitetea, asisikilizwe. Alifariki tarehe 21 Juni mwaka 1852, marufuku ingali ipo. Iliondolewa mwaka 1860. Na kabla ya hapo, mwaka 1856, bustani ya namna hiyo ilikuwa imekwisha kufunguliwa Watertown, Marekani.

Juu ya kaburi lake, huko Schweina, limesimamishwa jiwe lenye sura za ile miti mitatu ya kuchezea.

Wapenzi walimu, akija kwetu mtoto mzito wa kusoma au msumbufu, tumkumbuke mtoto wa Oberweissbach. Hakubadilishwa kwa fimbo, bali kwa mjomba aliyemwamini na wenzi wa kucheza nao.