Paolo Ruffini: munganga aliyetuachia njia fupi ya kupata baki

Mwanafunzi wa sekondari hapa Bunia akiambiwa agawanye x³ + 2x² − 5x + 4 kwa x − 2, si lazima ajaze ukurasa mzima. Anaandika namba tu: 1, 2, −5, 4. Anashusha 1. Anaizidisha kwa 2, anajumlisha na namba inayofuata: 4. Tena vile vile: 3. Tena: 10. Hiyo 10 ndiyo baki, basi. Ukitaka kuhakikisha, weka 2 mahali pa x: utapata 10 ile ile.

Tunaosoma kwa Kifaransa tunaiita Horner, jina la Mwingereza aliyetangaza njia yake mwaka 1819. Kumbe Paolo Ruffini, Mwitalia, alikuwa amekwisha kuichapisha mwaka 1804.

Ruffini alizaliwa tarehe 22 Septemba 1765 huko Valentano. Baba yake alikuwa munganga. Yeye mwenyewe alisomea uganga na hesabu pamoja kwenye chuo kikuu cha Modena, halafu akafundisha palepale.

Mwaka 1796 askari wa Napoleon waliingia Modena. Utawala mpya ukataka walimu waape kiapo cha utii. Ruffini alikataa kwa sababu ya imani yake, na mwaka 1798 akapoteza kazi. Hakukaa bure: alitibu wagonjwa, na saa zilizobaki alifanya hesabu. Mwaka 1799 alichapisha kitabu akieleza kwamba milinganyo ya daraja la tano haina kanuni moja ya kuitatua yote. Wakubwa wengi wa hesabu hawakumjali.

Baadaye chuo cha Padua kilimwita. Alikataa, hakutaka kuacha familia alizozitibu.

Mwaka 1817 tifasi, homa inayoletwa na chawa, iliingia Modena. Ruffini alikuwa rekta wa chuo kikuu, angeweza kubaki ofisini. Alienda kwa wagonjwa, naye akaambukizwa. Alipona, lakini nguvu hazikurudi zote. Mwaka 1820 aliandika juu ya ugonjwa huo, ule uliokuwa umempata mwenyewe. Alikufa tarehe 10 Mei 1822, akiwa na miaka 56.

Sisi wa Ituri, tuliopita katika Ebola ya 2018 hadi 2020, tunajua uzito wa munganga anayebaki kando ya kitanda. Mtoto akifungua daftari lake la hesabu leo jioni, mwambieni na jina hilo: Ruffini.