Larry Levan na gereji ya King Street

Mwaka jana nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, walimu wakagundua kwamba wikiendi napiga muziki kwenye sherehe. Nikaitwa ofisini. Sikuulizwa napiga wapi wala kwa nani. Niliulizwa kama natumia dawa za kulevya. Siku ile nilinyamaza, ila nikabaki na hamu ya kujua hii sifa mbaya ya disko ilianzia wapi. Ndipo nikakutana na Larry Levan.

Alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1954. Ujanani alishibana na Frankie Knuckles, ambaye baadaye alihamia Chicago na kuwa baba wa muziki wa house. Wote wawili walianzia chini kabisa: walipamba ukumbi na kujaza maputo kwenye klabu iitwayo Gallery, huku wakimtazama DJ anavyochanganya santuri. Larry alihudhuria pia sherehe za David Mancuso, aliyekuwa akialika watu nyumbani kwake kucheza mpaka asubuhi bila pombe kuuzwa.

Mwaka 1977 Michael Brody alianza kugeuza gereji ya magari, namba 84 King Street, kuwa ukumbi wa kucheza. Ukaitwa Paradise Garage, na Larry akakabidhiwa muziki. Spika zilitengenezwa na fundi Richard Long. Mlangoni waliingia wanachama na wageni wao tu, na pombe haikuuzwa. Wengi waliokuja walikuwa vijana weusi na wa asili ya Amerika ya Kusini na Karibi, wengi wao wapenzi wa jinsia moja, watu ambao kumbi nyingine ziliwafungia mlango. Inasimuliwa kwamba Larry aliweza kupanda ngazi katikati ya usiku akafuta vumbi kwenye tufe la vioo, watu wakisubiri, kisha akarudi kwenye mashine zake.

Huko nje hali ilikuwa nyingine. Tarehe 12 Julai 1979, katika uwanja wa besiboli wa Comiskey Park, Chicago, mtangazaji mmoja wa redio alilipua rundo la santuri za disko. Maelfu wakavamia uwanja, na mechi ya pili ya siku hiyo ikashindikana kuchezwa. Sasa jiulize: vurugu zilifanywa na waliochukia disko, lakini aliyebaki na jina la mhuni ni mcheza disko.

Kilichonigusa zaidi ni Aprili 1982. Ugonjwa ambao leo tunauita UKIMWI ulikuwa bado haujaeleweka, na wengi waliwakimbia wagonjwa. Harambee kubwa ya kuchangia shirika la GMHC, lililowahudumia, ilifanyika palepale Garage.

Siwezi kumpaka Larry rangi nzuri tupu. Heroini ilimkamata kweli. Garage ilifungwa Septemba 1987, na Brody akafa kwa UKIMWI mwishoni mwa mwaka huohuo. Larry akabaki hana kwake. Aliuza santuri zake kupata pesa ya dawa, na marafiki wakawa wanazinunua na kumrudishia. Mwaka 1991 alialikwa London kupiga Ministry of Sound, klabu iliyojengwa kwa kuiga Garage. Alifariki tarehe 8 Novemba 1992 kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 38.

Miaka miwili baadaye Uingereza ilipitisha sheria dhidi ya rave, yale madisko ya usiku kucha mashambani na kwenye maghala, na sheria yenyewe ikataja midundo inayojirudia. Yaani mdundo nao ukaingia kwenye kesi.

Mwaka huu narudi fildi. Nikiitwa tena ofisini sitasema kwamba usiku hauna hatari, maana Larry alikufa na miaka 38. Ila sitanyamaza pia. Nitaeleza napiga kwenye harusi za nani, pombe inauzwa au haiuzwi, na saa ngapi tunazima spika. Wakimaliza kusikiliza, waniulize habari za dawa, nami nitajibu.