Robert Smalls na elimu iliyogeuzwa kufuli la kura

Mwalimu wa historia anayetaka wanafunzi wake waelewe jinsi haki ya kupiga kura inavyoweza kuuawa huku uchaguzi ukiendelea kama kawaida, na aandike ubaoni nambari mbili tu. Mwaka 1876, katika uchaguzi wa rais wa Marekani, jimbo la South Carolina lilihesabu kura zaidi ya 182,000. Mwaka 1912 jimbo lilo hilo lilihesabu kura 50,000 na ushei. Katika miaka hiyo 36 hapakuzuka tauni wala njaa iliyowafagia watu. Kinyume cha hayo, kati ya hesabu ya watu ya 1880 na ile ya 1910 wakazi wa jimbo waliongezeka kwa zaidi ya nusu, wakafika milioni moja na nusu, na wengi wao walikuwa weusi. Basi wapigaji kura walikwenda wapi?

Swali hilo ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Jibu lake naliona katika maisha ya mtu mmoja aliyeishi nyakati zote mbili: Robert Smalls, mtumwa aliyepata kuwa mbunge, kisha akaishi hata akaona jimbo lake likiwa mali ya chama kimoja.

Smalls alizaliwa utumwani Aprili 5, 1839, katika mji mdogo wa bandari uitwao Beaufort. Mama yake, Lydia, alikuwa mtumishi wa nyumbani wa jamaa ya McKee, na mtoto alizaliwa uani, nyuma ya nyumba ya bwana. Sheria ya South Carolina ya mwaka 1834 ilikataza mtu yeyote kumfundisha mtumwa kusoma au kuandika. Naomba msomaji aikumbuke sheria hiyo, kwa kuwa kivuli chake kitaturudia mbele ya safari.

Alipotimu umri wa miaka 12 alipelekwa Charleston akakodishwe, mshahara wake ukienda mfukoni mwa bwana. Alihudumia wageni hotelini, akawasha taa za barabarani, akawa kuli bandarini, akashona matanga, na hatimaye akashika usukani wa meli. Alizijua njia za maji na mafungu ya mchanga ya bandari ile kama mtu ajuavyo kiganja chake. Alimwoa Hannah, mtumwa mwenzake, na alipotaka kumkomboa pamoja na binti yao aliambiwa alete dola 800. Alikuwa na dola 100 hivi.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861, Smalls alikuwa akiendesha Planter, meli ya mvuke iliyolitumikia jeshi la majimbo ya kusini yaliyojitenga ili kuulinda utumwa. Usiku wa kuamkia Mei 13, 1862, maofisa watatu wazungu wa meli hiyo walikwenda kulala mjini, kinyume cha amri. Kabla ya mapambazuko Smalls na wenzake waliwasha tanuri, wakang'oa nanga, wakawachukua wake na watoto wao waliokuwa wamefichwa kwenye chombo kingine, kisha wakapita mbele ya mizinga ya ngome moja baada ya nyingine. Smalls alivaa kofia ya nahodha na kupiga filimbi ya mvuke kwa ishara zilizotakiwa. Walipoipita ngome ya Sumter waliteremsha bendera ya kusini na kupandisha shuka nyeupe, wakajisalimisha kwa jeshi la wanamaji la serikali kuu. Hivyo ndivyo Smalls alivyoikomboa jamaa yake bila kulipa hata senti moja.

Kisa hicho cha baharini ndicho kinachopendwa na wasimulizi, na si ajabu. Hata hivyo, naona ujasiri wake mkubwa zaidi ulikuja baadaye, nchi kavu, tena katika vita alivyoshindwa.

Vita vya bunduki vilipokwisha Smalls alikuwa amefanywa nahodha wa Planter, na alikuwa ameinunua nyumba ya McKee huko Beaufort, ile ile ambayo alizaliwa uani mwake. Alikuwa pia amejifunza kusoma, kazi aliyoianza kwa bidii mjini Philadelphia mwaka 1864, akiwa na miaka 25. Mtu ajifunzaye herufi akiwa na mke na watoto anaijua thamani yake. Mwaka 1868 alichaguliwa kuwa mjumbe wa mkutano wa kuandika katiba mpya ya jimbo, na huko alidai shule za umma za bure na za lazima kwa watoto wote. Katiba ile ndiyo iliyoanzisha elimu ya umma katika South Carolina, kwa weusi na kwa wazungu maskini pia. Aidha, iliwapa wanaume wote wenye miaka 21 haki ya kupiga kura, bila kuwauliza rangi wala mali.

Smalls aliingia katika bunge la jimbo, na mwaka 1874 akachaguliwa kwenda Baraza la Wawakilishi mjini Washington. Alikuwa mfuasi wa chama cha Republican, chama cha Abraham Lincoln. Wapinzani wao, Democratic, walikuwa chama cha wenye mashamba waliopoteza watumwa wao, na walikusudia kuirudisha serikali mikononi mwao kwa njia yoyote.

Njia hiyo ilionekana mwaka 1876. Vikosi vya wazungu wenye bunduki, waliojulikana kwa mashati yao mekundu, vilizunguka jimboni vikitisha wapigaji kura. Julai mwaka huo watu weusi waliuawa katika kijiji cha Hamburg. Kura ilipohesabiwa udanganyifu ulikuwa mwingi, lakini hata hivyo Rutherford Hayes wa Republican alitangazwa mshindi wa jimbo kwa tofauti ya kura zisizofika 1,000. Mwaka uliofuata serikali kuu iliacha kuwalinda viongozi wa Republican wa jimbo kwa askari wake, na Democratic wakatwaa madaraka yote, wakiongozwa na Wade Hampton.

Walimwandama Smalls mara moja. Mwaka 1877 alishtakiwa kupokea hongo ya dola 5,000 alipokuwa mbunge wa jimbo, akatiwa hatiani, kisha mwaka 1879 gavana akamsamehe, katika mapatano yaliyofuta pia mashtaka ya wizi wa kura dhidi ya wafuasi wa Democratic. Sitaki kumfanya Smalls malaika. Ila mtu hawezi kutotambua kwamba kesi yake na kesi za wezi wa kura zilipimwa katika mizani moja na kufutwa pamoja. Alirudi Congress mara mbili zaidi, ndipo akashindwa mwaka 1886 katika uchaguzi uliojaa hila.

Hila zenyewe zinastahili kuchunguzwa darasani. Sheria ya mwaka 1882 iliweka masanduku manane ya kura, kila cheo na sanduku lake. Karatasi iliyotumbukizwa katika sanduku lisilo lake haikuhesabiwa. Asiyejua kusoma angewezaje kulitambua sanduku la rais na la mbunge? Hata akifundishwa mpangilio nyumbani, wasimamizi waliweza kuyahamisha masanduku. Sheria haikutaja rangi ya mtu popote. Herufi tu ndizo zilizotumwa kufanya kazi ya bunduki.

Hayo hayakumtosha Benjamin Tillman, gavana wa jimbo tangu 1890 na baadaye seneta. Tillman alikuwa miongoni mwa wazungu wenye silaha waliofika Hamburg mwaka 1876, na alijigamba kwa hilo maisha yake yote. Alitaka katiba mpya ambayo ingewaondoa weusi katika daftari la wapigaji kura kabisa. Mkutano wa kuiandika uliketi mjini Columbia kuanzia Septemba hadi Desemba 1895. Wajumbe walikuwa 160. Weusi walikuwa sita, watano kati yao wakitoka Beaufort, na mmoja wa hao watano alikuwa Robert Smalls, akiwa na miaka 56.

Masharti yaliyopendekezwa yalikuwa kama wavu wenye matundu madogo. Mpigaji kura awe ameishi jimboni miaka miwili. Awe amelipa kodi ya kichwa miezi sita kabla ya siku ya uchaguzi. Asiwe amepatikana na hatia ya makosa kadha wa kadha, yakiwemo wizi na kumpiga mke, makosa ambayo wazungu wale waliyahesabu kuwa ya weusi. Uuaji haukutiwa katika orodha hiyo. Juu ya yote, awe anaweza kusoma na kuandika kifungu cha katiba, au awe na mali ya thamani ya dola 300. Ili wazungu wasiojua kusoma wasinaswe, mlango wa pembeni uliachwa wazi hadi mwanzoni mwa 1898: aliyesomewa kifungu akaweza kukieleza aliandikishwa. Aliyeamua kama maelezo yametosha alikuwa karani wa uandikishaji, naye alichaguliwa na wenye serikali.

Smalls na wenzake walisimama kuyapinga masharti hayo moja baada ya jingine, wakijua hesabu ya kura mkutanoni. Walisema kwamba kama ni elimu inayotakiwa, basi ipimwe kwa kipimo kimoja kwa kila mtu. Wajumbe walipoleta kifungu cha kupiga marufuku ndoa baina ya weusi na wazungu, Smalls alitoa pendekezo lake: mzungu yeyote atakayepatikana akiishi kinyumba na mwanamke mweusi asishike cheo cha umma, na mtoto atakayezaliwa apewe jina la baba na urithi. Mkutano ulifadhaika, kwa sababu kila mmoja alijua watoto wa namna hiyo walivyokuwa wengi na baba zao walikuwa akina nani. Pendekezo lilikataliwa. Katiba ilipokamilika Smalls alikataa kutia sahihi yake. Haikupelekwa kwa wananchi waipigie kura. Wajumbe waliipitisha wenyewe.

Katiba hiyo hiyo iliamuru watoto weusi na wazungu wasome katika shule mbalimbali, na fedha za shule za weusi zikapunjwa mwaka hadi mwaka. Hapa ndipo ninapoiona sheria ya 1834 ikifufuka. Zamani mtumwa alikatazwa kusoma. Sasa mjukuu wake alinyimwa kura kwa kutojua kusoma, na wakati uo huo akanyimwa shule ya kumfundisha. Mtu aliyedai shule kwa ajili ya wote mwaka 1868 aliishi kuiona elimu ikigeuzwa kufuli.

Sasa na tuurudie uchaguzi wa 1912. Nchini kote ulikuwa mkali ajabu: Rais William Taft, Theodore Roosevelt, Woodrow Wilson na msoshalisti Eugene Debs walipambana. Katika South Carolina hapakuwa na shindano lolote. Wilson wa Democratic alipata karibu asilimia 96 ya kura. Taft, rais aliyekuwa madarakani, hakupata hata kura 600 katika jimbo zima. Mashindano ya kweli yalikuwa yamekwisha tangu mwezi wa Agosti, katika mchujo wa chama wa kumteua gavana, ambao ulivuta zaidi ya watu laki moja, yaani maradufu ya waliompigia rais. Mchujo huo ulikuwa wa wazungu. Kanuni za chama zilimruhusu mweusi iwapo tu wazungu kumi wangethibitisha kwa maandishi kwamba alimpigia kura Hampton mwaka 1876 na kuendelea kuwapigia Democratic tangu hapo.

Hasara haikuishia South Carolina. Marekani humchagua rais kwa wajumbe ambao kila jimbo hupewa kwa kutegemea wingi wa watu wake, na weusi walionyimwa kura walihesabiwa pia. Kwa hiyo South Carolina ilikuwa na wajumbe tisa kwa kura 50,000, na Connecticut wajumbe saba kwa kura 190,000. Kura moja ya South Carolina ilikuwa na uzito wa karibu kura tano za Connecticut. Badiliko la 14 la katiba ya Marekani, la mwaka 1868, liliagiza jimbo linalowanyima wanaume wake kura lipunguziwe uwakilishi. Agizo hilo halikutekelezwa hata mara moja.

Smalls mwenyewe alikuwa mkuu wa forodha wa bandari ya Beaufort, kazi aliyopewa na marais wa Republican kwa miaka mingi. Wilson alipoingia Ikulu mwaka 1913 aliipoteza. Alifariki Februari 23, 1915, katika ile nyumba aliyoinunua, akazikwa mjini humo. Mahakama haikuufungua mchujo wa South Carolina kwa weusi hadi 1947, na masharti ya kusoma hayakuondolewa hadi sheria ya haki ya kupiga kura ya 1965.

Sanamu ya Tillman ilisimamishwa mbele ya bunge la South Carolina mwaka 1940. Sheria ya kumjengea Smalls mnara katika viwanja hivyo hivyo ilipitishwa mwaka 2024. Nafurahi kwamba ilipitishwa, lakini somo ambalo ningependa lifike darasani ni jingine. Wizi wa kura tumezoea kuutafuta siku ya uchaguzi, penye sanduku na hesabu. Mwaka 1912 hakuna aliyehitaji kuiba chochote siku hiyo. Kazi ilikuwa imekwisha fanywa miaka 17 nyuma, na makarani, kwa masharti yaliyosomeka vizuri na yaliyodai kuheshimu elimu. Kwa hiyo mwanafunzi asikiapo kwamba fulani hafai kupiga kura kwa kuwa hakusoma, na aulize kwanza ni nani aliyemnyima shule.