Robert Koch na Vijidudu vya Maradhi

Robert Koch alizaliwa mwaka 1843 katika mji wa Clausthal, Ujerumani. Mwaka 1862 akaingia Chuo Kikuu cha Göttingen. Zama zile hapakuwa na somo la vijidudu. Lakini mwalimu wake, Jakob Henle, alikuwa ameandika tangu mwaka 1840 kwamba maradhi ya kuambukiza huletwa na viumbe hai wadogo mno. Henle hakuweza kulithibitisha neno hilo. Koch akalithibitisha mwaka 1876, alipokuwa mganga katika mji mdogo, kwa kijidudu cha kimeta.

Kazi ngumu ilikuwa kutenga aina na aina, maana katika mchuzi vijidudu huchanganyika. Mtoto wa Kengeja ajua kuwa muhogo uliopikwa, ukilala siku nyingi, huota madoa ya ukungu, hili jeupe, hili jeusi. Koch aliyatazama madoa ya jinsi hiyo juu ya kipande cha kiazi kilichochemshwa, akatambua ya kuwa kila doa ni ukoo wa aina moja tu. Basi akaviotesha vijidudu juu ya chakula kigumu. Mwaka 1882 akakidhihirisha kijidudu cha kifua kikuu, na mwaka 1884 cha kipindupindu, alichokifuata Misri hata Calcutta.

Mwaka 1906 alifika visiwa vya Sese, Uganda, kutibu malale. Dawa yake, atoksili, iliwapa wengi nafuu. Lakini alipozidisha kipimo, baadhi ya wagonjwa wakapofuka kabisa. Habari hii nayo haifai kufichwa. Koch akakiacha kipimo kile, akarudi kwao mwaka 1907, akafa tarehe 27 Mei 1910.