Louis Leakey: Mvulana aliyeokota mawe, na vijana wa Ukambani waliomshinda macho

Ukipanda matatu asubuhi pale Machakos mjini, na Barabara ya Mombasa isikuchezee, kabla ya saa sita umefika Makavazi ya Kitaifa pale Museum Hill, Nairobi. Unalipa kiingilio, unaingia, unapiga picha na mifupa ya kale, unarudi nyumbani. Hakuna anayekuuliza rangi yako wala kabila lako. Unaona ni kawaida tu, sivyo?

Haikuwa kawaida. Makavazi yale yalipofunguliwa Septemba 1930, yakiitwa Coryndon kwa heshima ya gavana wa kikoloni aliyekuwa amefariki, yalikuwa mahali pa Wazungu. Mwafrika alikuwa pale kufagia au kubeba mizigo. Mtu aliyefungua mlango ule kwa watu wa rangi zote ni yule ambaye sanamu yake utaikuta hapo hapo uwanjani, ameketi na kifaa cha mawe mkononi. Anaitwa Louis Leakey. Hebu tumfuate kidogo, kwa sababu maisha yake yanakuhusu wewe wa Machakos kuliko unavyodhani.

Leakey alizaliwa Agosti 7, 1903, Kabete, wazazi wake wakiwa wamishonari Waingereza. Alikua na watoto wa Kikuyu, akaongea Kikuyu kama wao, akapashwa tohara pamoja na rika lake na kupewa jina la Wakaruigi, jina linalotokana na mwewe. Mzungu kwa ngozi, lakini ukifumba macho umsikie akiongea, ungeapa ni mtu wa hapo kijijini.

Akiwa na umri wa kama miaka 12 hivi, alipata zawadi ya Krismasi: kitabu cha watoto kuhusu binadamu wa kale waliotumia mawe kama visu. Kijana akatoka nje, akaanza kuokota mawe. Kabete kulikuwa na vipande vyeusi vinavyong'aa kama chupa, mawe yanayotokana na volkano. Wazee wa Kikuyu waliamini ni nyembe za mizimu. Watu wazima wa nyumbani waliona ni mchezo wa mtoto tu.

Sasa sikiliza sehemu muhimu. Wakati huo Nairobi tayari kulikuwa na makavazi madogo, yaliyoanzishwa na chama cha wapenda mazingira mwaka wa 1910. Msimamizi wake aliitwa Arthur Loveridge. Leakey akampelekea mawe yake. Loveridge angeweza kumfukuza, kwani mtu mzima ana kazi zake. Badala yake aliyatazama moja moja, akamwambia kwamba baadhi yao kweli yalichongwa na binadamu wa kale. Akamfundisha pia kuandika kila alichookota: ni nini, na kimetoka wapi. Basi, maisha ya yule mvulana yakageuka siku hiyo. Makavazi yakifanya kazi yake vizuri, hufanya hivyo: humwangalia mtoto mwenye jiwe mkononi na kumchukulia kama mtu wa maana.

Mwaka wa 1922 alijiunga na Chuo Kikuu cha Cambridge. Akaumia kichwa kwenye raga, maumivu yakamzidi hadi akalazimika kupumzisha masomo. Lakini hakukaa bure. Mwaka wa 1924 alienda Tendaguru, kusini mwa Tanganyika, na msafara uliokuwa ukichimba mifupa ya dinosaria. Huko alijifunza kutoa mfupa ardhini bila kuuvunja. Aliporudi Cambridge alimaliza masomo, na kuanzia 1926 akawa anaongoza misafara yake mwenyewe hapa Afrika Mashariki.

Wataalamu wengi wa siku zile waliamini binadamu alitokea Asia. Leakey alishikilia kwamba ni Afrika. Alionekana kama mtu mwenye kichwa kigumu, na kwa kweli kichwa kigumu alikuwa nacho. Pia alikuwa na haraka, na haraka hiyo ilimponza. Mwaka wa 1932 alipata mabaki ya binadamu Kanam na Kanjera, karibu na Ziwa Victoria, akatangaza kwamba ni ya zamani sana. Mtaalamu wa miamba kutoka Uingereza, Percy Boswell, akaja kuthibitisha. Leakey hakuweza kumwonyesha mahali penyewe hasa. Picha alizopiga zilikuwa zimeharibika, na vyuma alivyochomeka ardhini kama alama vilikuwa vimeshang'olewa na wenyeji, ambao walikuwa na matumizi mengine ya chuma. Boswell akamwanika mbele ya wanasayansi wote. Jina likachafuka kwa miaka mingi. Ukitaka kujua kwa nini mwanaakiolojia wa leo hatembei bila ramani na daftari, jibu moja ni Kanam.

Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka alikuwa Nairobi. Mwaka wa 1941 akakabidhiwa usimamizi wa Coryndon bila mshahara, na vita vilipoisha akawa msimamizi kamili. Hapo ndipo alipofungua mlango. Waafrika na Wahindi wakaanza kuingia kama wageni, kutazama ndege, nyoka, mimea na mawe ya nchi yao wenyewe. Mwaka wa 1947 aliwaleta Nairobi wataalamu wa historia ya kale kutoka sehemu mbalimbali, katika kongamano la kwanza la aina hiyo kwa bara zima. Mwaka huo huo, Olorgesailie, kule njia ya Magadi, mahali ambapo yeye na mkewe Mary walikuwa wamekuta mashoka ya mawe yametapakaa chini, pakafunguliwa kwa wageni. Mawe yaliachwa pale pale yalipopatikana, nawe ukaenda kuyaona yakiwa kwao.

Usidhani alikuwa malaika. Wakati wa Mau Mau alisimama upande wa serikali ya kikoloni. Aliandika vitabu kupinga vita vile, na Jomo Kenyatta aliposhtakiwa Kapenguria, Leakey ndiye aliyekuwa mkalimani wa mahakama mpaka mawakili wa utetezi walipompinga, akaondoka. Lugha aliyofundishwa na rika lake ikatumika kwenye kesi dhidi ya watu wa rika hilo. Wapo Wakenya ambao hawakumsamehe, na ni haki yao. Mtu mmoja anaweza kukufungulia mlango wa makavazi na bado asiwe upande wako siku ya siku.

Ushindi wake mkubwa ulikuja Tanganyika, katika bonde la Olduvai. Julai 17, 1959, Leakey akiwa kambini na homa, Mary alitoka na mbwa wao akaliona fuvu la kiumbe waliyemwita Zinjanthropus. Vipimo vikaonyesha umri wa miaka milioni 1.75. Kuanzia mwaka uliofuata yakapatikana mabaki ya Homo habilis, ambaye Leakey na wenzake walimpa jina hilo rasmi 1964. Mjadala wa Asia ukaisha nguvu. Ni Leakey huyo huyo aliyempeleka Jane Goodall Gombe mwaka wa 1960 kuchunguza sokwe. Kabla ya hapo Goodall alikuwa katibu wake makavazini.

Na hapa ndipo Ukambani inapoingia. Mwaka wa 1960 kijana mmoja wa Kikamba aliajiriwa kuchimba Olduvai. Aliitwa Kamoya Kimeu, mzaliwa wa Makueni, wakati huo ikiwa bado sehemu ya wilaya ya Machakos. Hakuwa na masomo mengi, na kwa familia nyingi kugusa mifupa ya wafu ilikuwa mkosi mtupu. Kamoya akaenda hivyo hivyo. Aliangalia wengine wanavyofanya, akajifunza, na jicho lake likawa kali kupita la waliomwajiri. Mwaka wa 1964 aliona taya huko Peninj, karibu na Ziwa Natron. Wakamba wengine wakajiunga na kazi hiyo, na baadaye Kamoya akaongoza kikosi ambacho dunia nzima ya sayansi ilikitegemea. Mwaka wa 1984, kule Nariokotome, aliona kipande kidogo cha fuvu kisichozidi sana ukubwa wa kiberiti. Hicho ndicho kilichofungua njia ya kumpata Mvulana wa Turkana, mifupa karibu kamili ya miaka milioni 1.5 hivi. Kamoya alifariki 2022. Kuna viumbe wawili wa kale walioitwa kwa jina lake, lakini uliza darasani kwenu ni wangapi wanamjua, kisha uliza ni wangapi wanamjua Leakey. Utaona tofauti.

Leakey mwenyewe alikufa kwa ugonjwa wa moyo jijini London, Oktoba 1, 1972, akiwa na miaka 69. Siku chache tu kabla, mwanawe Richard alimwonyesha fuvu jipya kutoka mashariki mwa Ziwa Turkana, lililofahamika kwa namba 1470. Aliyeliona kwanza ardhini alikuwa Bernard Ngeneo, Mkenya wa kikosi hicho. Mzee alifurahi mno. Lilikuwa jibu kwa waliomcheka miaka 40. Akazikwa Limuru.

Sasa wewe je? Milima ya Iveti na Mua, mito, mashimo ya mchanga, yote yako nje ya mlango wako. Siku ukikuta jiwe lililochongwa au mfupa uliogeuka jiwe, usiung'oe kwenda nao nyumbani wala usimuuzie mtu. Mfupa ukishatoka mahali pake bila rekodi, umepoteza nusu ya habari zake. Kanam inakufundisha hilo. Uache pale pale. Piga picha, weka kitu kando yake kuonyesha ukubwa, hifadhi mahali kwenye ramani ya simu yako, kisha wajulishe Makavazi ya Kitaifa. Sheria ya makavazi ya 2006 inataka hivyo pia.

Na ukishawajulisha, hakikisha jina lako limeandikwa kwenye ripoti. Kamoya na wenzake waliona mengi ambayo magazeti yalimpa mtu mwingine. Wewe una simu, una tarehe, una ushahidi. Usikubali kuitwa mfanyakazi tu.