Elijah Masinde: Mpeleka samansi aliyegeuka mshtakiwa

Kila nifundishapo asili ya maneno, hukosi mwanafunzi wa kutoka Bungoma au Kitale atakayemtaja Elijah Masinde. Mmoja humwita nabii, mwenzake humwita mwendawazimu. Nadhani mabishano hayo hayaishi kwa sababu hatujalitazama neno lenyewe.

Masinde alizaliwa Kimilili, wilayani Bungoma, mapema katika miaka ya 1910. Ujanani alisifika kwa kandanda, hata akaichezea Kenya dhidi ya Uganda. Alikuwa muumini wa kanisa la Marafiki, waitwao pia Quaker, lakini wakafarakana alipooa mke wa pili. Isitoshe, aliajiriwa na mahakama ya wenyeji kupeleka samansi. Naam, yeye mwenyewe aliwahi kuwa mkono wa sheria.

Vilipozuka Vita Vikuu vya Pili, Waafrika walilazimishwa kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, yakiwamo yale ya Trans Nzoia yaliyouzunguka mji wa Kitale. Masinde alikataa katakata, akawahimiza wengine nao wakatae. Mwaka wa 1945 akapelekwa Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili jijini Nairobi, akakaa huko hadi 1947.

Hapa ndipo lugha inapotoa ushahidi. Dini aliyoiongoza iliitwa Dini ya Msambwa, na kwa Kibukusu msambwa ni roho ya wahenga, ambayo kwa Kiswahili ni mzimu. Na neno wazimu, je, halikutoka katika shina hilo hilo? Aliyewaheshimu mizimu ya babu zake aliambiwa ana wazimu!

Alipotoka Mathari aliwakusanya watu Chetambe, mahali ambapo Wabukusu wengi waliuawa na majeshi ya Waingereza mwaka wa 1895. Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi waumini huko Malakisi, wakawaua 11. Dini ikapigwa marufuku, naye Masinde akahamishiwa Lamu, asirudi hadi ukoloni ulipokaribia kukoma.

Sisemi kwamba alikuwa malaika. Makanisa na shule zilichomwa moto, na lawama ikawaangukia wafuasi wake. Mwalimu yeyote ana haki ya kulisikitikia hilo. Hata hivyo, serikali ya wananchi nayo iliipiga marufuku dini yake mwaka wa 1968, na milango ya jela ikamfungukia tena. Alifariki mwaka wa 1987.

Walimu wenzangu, tusiwape wanafunzi jina la kumbandika marehemu huyu. Tuwafunze kuuliza ni nani aliyetoa hukumu, kwa lugha gani, na kwa faida ya nani. Mtu aliyepinga kazi ya shuruti alijibiwa kwa cheti cha daktari. Anayeshindwa kuijibu hoja hukimbilia kumtilia shaka akili msemaji, na tabia hiyo haikuzikwa pamoja na ukoloni.